Sura ya Saba: Kabla ya Kumshuku Jirani

Mbwa akikutwa amekufa asubuhi Manzese, kesi huwa imeshahukumiwa kabla chai haijachemka. Povu mdomoni, miguu imekakamaa, udongo umefukuliwa pale alipokuwa akitapatapa: kalishwa sumu. Kinachobaki ni kumjua aliyemlisha. Kama wiki ile kuna nyumba imevunjwa, basi ni wezi, walikuwa wanasafisha njia. Kama hakuna, ni jirani, yule aliyewahi kulalamika kwamba mbwa anabweka usiku kucha na watoto hawalali. Maneno yanarushwa juu ya ukuta, mtu anakwenda kwa mjumbe, mjumbe anawapeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ujirani wa miaka mingi unaishia kwenye benchi la ofisi ile.

Sisemi wezi hawalishi mbwa sumu. Wanalisha, na nyama iliyopakwa dawa ya wadudu wa mazao ni mbinu kongwe. Lakini tumeizoea mno sababu hii hata hatutazami tena nyingine. Kwenye njia ileile anayopita mbwa kila siku, kutoka bandani hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi kingo za mto, kuna sumu ambazo hakuna binadamu aliyezitega. Ziko kwenye ngozi ya chura, kwenye utomvu wa ua, kwenye tumbo la samaki aliyetupwa na kwenye pumba za mahindi. Sura hii inawahusu watuhumiwa hao.

Manzese haina bustani ya kutembezea mbwa. Imebanana kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Magomeni na Ubungo, na nyumba zimesogeleana hadi maji ya paa la huyu yanaangukia ukuta wa yule. Mbwa lakini wapo, na wamekuwapo tangu Manzese ikihesabiwa Kinondoni, kabla Ubungo haijawa wilaya. Kuna sehemu wenyeji wanaiita Kwa Mfuga Mbwa. Maisha ya mbwa hawa yana ratiba. Mchana ni bandani, kwa sababu ya joto, watoto na wateja wa dukani. Usiku ni kufunguliwa wakalinde. Matembezi ni alfajiri, kijana kashika mnyororo, au jioni kushuka upande wa Mto Ng'ombe. Wapo pia wanaojitembeza wenyewe: geti limefunguliwa bodaboda ipite, na mbwa keshatoka. Maana yake ni kwamba saa nyingi za mbwa nje ni za giza, na katika giza mbwa huuliza kila kitu kwa pua, kisha kwa mdomo.

Tuanze na chura, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana mara nyingi na kushukiwa mara chache.

Masika yanapoanza mwezi Machi, na tena wakati wa vuli kati ya Oktoba na Desemba, mitaro hujaa, na usiku huohuo mkoromo mzito unaanza. Anayekoroma ni chura mkubwa wa nchi kavu, mwenye ngozi ya mabaka ya kahawia na vipele, ambaye wanasayansi wanamwita Sclerophrys gutturalis. Ameenea mashariki na kusini mwa Afrika, na mwaka 1922 alipelekwa hadi Morisi ili ale wadudu wa miwa. Akazaa huko hadi akawa kero. Mjini anastawi. Taa ya getini inavuta kumbikumbi na mende, na chura anakaa chini yake kama mteja aliyeagiza chakula. Mbwa naye yuko getini. Chura haumi wala hakimbii kwa kasi, anarukaruka tu, na hakuna mbwa kijana anayeweza kuacha kitu kinachorukaruka.

Nyuma ya macho ya chura huyu kuna tezi mbili zilizovimba. Hatemi sumu, akibanwa ndipo tezi zinatoa maji mazito meupe, kwa hiyo mbwa ndiye anayejikamulia mwenyewe, meno yakishafunga. Ladha ni kali na mbwa wengi humtema papo hapo. Kisha huanza mate, mengi, ya kuvutika, halafu povu. Mbwa anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, anatikisa kichwa, anasugua shavu kwenye sakafu. Ukifunua mdomo, fizi ni nyekundu sana. Kwa mbwa mkubwa aliyetema upesi, mambo huishia hapo. Kwa mtoto wa mbwa, au kwa mbwa aliyemtafuna chura hadi mwisho, huja kutapika, kuyumba, degedege na mapigo ya moyo yaliyovurugika, na hayo yote yanaweza kutokea ndani ya nusu saa. Saa kumi alfajiri, mwenye nyumba akiwa amelala, nusu saa haina shahidi.

Dawa ya kwanza ni maji. Mpira wa maji kama upo, na kama bomba limekauka siku hiyo, kopo na ndoo. Kichwa cha mbwa kielekezwe chini na pembeni, maji yaingilie upande mmoja wa mdomo na kutokea upande wa pili, kwa dakika tano hadi kumi bila kukatiza. Maji yasielekezwe kooni, maana yakiingia kwenye mapafu umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Kisha chukua kitambaa kilicholowa ufute fizi, ulimi na kaakaa, ukisuuza kitambaa kila mara, kwa sababu maji mazito ya chura hunata. Baada ya hapo ni bajaji hadi kwa daktari wa mifugo, hasa kama mbwa anayumba au amepata degedege.

Watu hufanya nini badala yake? Wanakimbilia maziwa. Maziwa, mafuta ya kupikia, yai bichi, mkaa wa jikoni uliosagwa, maji ya chumvi ili atapike. Ninaelewa huruma iliyo ndani yake, lakini mbwa mwenye degedege hamezi, anapaliwa, na mafuta yakiingia mapafuni hayatoki. Mkaa wa jikoni si ule unaotumika hospitalini, ambao hutengenezwa maalumu ili uwe na vitundu vingi vya kunasia sumu. Chumvi ndiyo mbaya kuliko zote: ya kutosha kumtapisha mbwa inatosha pia kumdhuru ubongo. Na sumu ya chura ipo kwenye fizi, inafyonzwa pale pale. Kila dakika inayokwenda dukani kutafuta maziwa imepotea.

Kuna tahadhari moja inayotangulia hata maji. Povu mdomoni ni dalili ya chura, na ni dalili ya kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, na akishaanza kuonyesha dalili mtu haponi. Kwa hiyo mbwa usiyemjua, au unayemjua lakini hajachanjwa, usimtie mkono mdomoni hata kama umemwona akimtema chura. Mmwagie maji kwa mbali, mzuie asitoke, mwite mtaalamu. Aliyekula chura alikuwa mzima dakika kumi zilizopita. Mwenye kichaa mara nyingi amebadilika kwa siku kadhaa, ameacha kula, sauti imekuwa ya ajabu, anang'ata mbao na hewa. Tofauti hiyo inasaidia, ila haitoshi kumpa mtu ujasiri wa kuingiza vidole.

Na kwa kuwa Manzese ni mtaa wenye Waislamu wengi, niseme na hili. Jirani anayeona mate ya mbwa ni najisi hana sababu ya kusimama pembeni. Kushika ndoo na kumimina si kugusa mate. Nimeona wazee waliovaa kanzu wakishika mpira wa maji imara kuliko mwenye mbwa aliyekuwa analia.

Sasa tuiache Manzese kidogo, kwa sababu sumu ya chura ina ukoo, na ukoo huo ni mkubwa kuliko mtaa.

Ndani ya kila chembe ya msuli wa moyo kuna pampu ndogo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mdenmaki Jens Skou aliigundua mwaka 1957 akitumia mishipa ya fahamu ya kaa wa pwani, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Pampu hiyo ikizuiwa, kalsiamu hujaa ndani ya chembe, moyo unakaza kuliko inavyotakiwa, mapigo yanapoteza mpangilio, kisha yanasimama. Chura anazuia pampu hiyo. Na mimea kadhaa, isiyo na undugu wowote na chura, imefikia silaha ileile kwa njia zake.

Wawindaji wa Afrika Mashariki waliijua nguvu hiyo karne nyingi kabla ya Skou. Wakamba na Wagiriama walichemsha mti wa Acokanthera hadi upate rojo jeusi la kupaka mishale. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia utomvu wa Adenium na mbegu za Strophanthus. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, ambaye baadaye alikuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliweka mswaki wake pamoja na sampuli za sumu ya mshale. Alipopiga mswaki akahisi uchungu, kisha akaona mapigo yake yamepungua kasi. Kutokana na sampuli zile Thomas Fraser wa Edinburgh alitengeneza strofantini, iliyotumika kama dawa ya moyo kwa miaka mingi.

Kisa ninachokipenda zaidi katika ukoo huu kina mbwa ndani yake. Kwenye misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki kuna panya mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi. Mbwa wakimng'ata hudhoofika ghafla, wengine hufa, na kwa muda mrefu ilidhaniwa panya yule ana sumu yake mwenyewe. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tanganyika, na wenzake walieleza siri hiyo: panya anatafuna gome la Acokanthera, mti uleule wa mishale, na kujipaka mate yake yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni, ambayo yana matundu ya kuyanyonya. Mwenye mbwa angetafuta mtu wa kulaumu. Aliyepika sumu alikuwa panya.

Panya yule hayupo Manzese, lakini ukoo upo. Nenda kwenye vitalu vya miche vilivyopangwa kandokando ya barabara kubwa za Dar es Salaam. Ule mti mfupi wenye shina nene lililovimba na maua ya waridi, unaouzwa kwa bei ya juu ukiwa kwenye chungu, ndio Adenium, waridi la jangwani. Jamaa wa ule wa mishale ya Wahadzabe. Oleanda yenye maua meupe na ya waridi, ua linalovumilia vumbi na jua hivi kwamba hupandwa hadi katikati ya barabara, nayo imo, jani, kijiti na ua. Na oleanda ya njano, Thevetia peruviana, yenye tunda la kijani lenye pembe, hutumika kama uzio wa nyumba nyingi. Sri Lanka, mbegu za mti huu zilisababisha maelfu ya watu kulazwa kuanzia miaka ya 1980, na madaktari wa huko walithibitisha dawa ya kingamwili dhidi yake. Dawa hiyo ni ghali mno hata kwa binadamu, sembuse mbwa.

Mbwa mzima mwenye akili hali majani ya oleanda, ni machungu. Hatari ni mtoto wa mbwa anayeota meno na kutafuna chochote, mbwa anayefungwa mnyororo kwenye shina kwa uvivu wa kutafuta nguzo, na siku ya kupogoa. Matawi yaliyokatwa na kurundikwa hunyauka, uchungu unapungua, sumu haipungui. Kijana anaokota kijiti kimoja kwenye rundo na kukirusha mbwa akakilete. Kijiti cha mwarobaini hakina shida. Cha oleanda kina shida kubwa, na kijana hana habari.

Kabla sijaondoka kwenye vitalu, niutaje mtapo. Mti huu wa pwani, unaofanana na mnazi mfupi mnene, na ndugu yake kutoka Japani, ni fahari ya bustani za Mikocheni na Mbezi, na sasa umefika hata kwenye nyumba mpya za Sinza na Mabibo. Hauna uhusiano na sumu ya moyo. Unaua ini. Mbegu zake za rangi ya machungwa huvutia, mbwa hucheza nazo kama mpira, na mbegu moja au mbili zilizotafunwa zinaweza kumuua. Kinachodanganya ni kwamba hutapika siku ya kwanza, anaonekana amepata nafuu, kisha siku ya pili au ya tatu macho yanageuka manjano. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka alichezea nini. Mti wa kike ndio unaotoa mbegu. Kata kikonyo chake mapema, au usiununue.

Kingo za Mto Ng'ombe na majalala yana mimea yake. Mnyonyo huota palipotupwa taka, na mbegu zake zenye madoadoa hazidhuru zikimezwa nzima ila zikitafunwa. Mtipitipi, ule wa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi zinazotiwa kwenye kayamba, ni vivyo hivyo. Mnanaha hulevya, hupanua mboni za macho, humfanya mbwa aone yasiyokuwapo. Minyaa ya uzio wa zamani hutoa maziwa yanayounguza jicho. Yote hii ni mimea ya kujua kwa sura na kumpitisha mbwa mbali nayo; visa vyake ni vichache ukilinganisha na chura, na sitaki msomaji arudi nyumbani anaogopa kila jani.

Jumapili wanaojiweza huwapakia mbwa kwenye gari na kwenda Coco Beach au Kunduchi. Bahari inaonekana safi, na mbwa anafunguliwa mnyororo. Kwenye mchanga, hasa karibu na pale wavuvi wanapopakua, kuna samaki waliotupwa kwa sababu hakuna anayewataka, na kati yao ni bunju. Wavuvi wanamjua na hawamli. Mbwa hamjui. Sumu ya bunju, tetrodotoksini, imo zaidi kwenye ini, mayai na ngozi; haiishi kwa kukauka juani wala kwa kupikwa, na haina dawa ya kuipinga. Mbwa hutapika, miguu ya nyuma inalegea, kisha misuli ya kupumua inachoka. Akifikishwa mahali penye mashine ya kumsaidia kupumua anaweza kupona, lakini sehemu za namna hiyo kwa mbwa ni chache. Mwaka 2009 mbwa kadhaa walikufa kwenye fukwe za Auckland, New Zealand, na watu wakaanza kushuku kila kitu kuanzia dawa hadi watu wabaya. Uchunguzi ukaonyesha ni tetrodotoksini, safari hii kutoka kwa konokono wa bahari asiye na gamba aliyesukumwa ufukweni na mawimbi. Ufukweni, mnyororo usifunguliwe kabla hujatembea mbele mwenyewe ukaangalia mstari wa taka ulioachwa na maji kupwa.

Nyoka ni sura nyingine nzima, nami nitasema mawili tu. Swila hutema sumu kulenga macho: mwoshe mbwa macho kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, kisha daktari, asipooshwa anaweza kupofuka. Akiumwa na kifutu, uso au mguu utavimba sana. Mbebe, usimtembeze, usifunge kamba, usichanje. Jiwe jeusi la nyoka haliwezi kuvuta sumu iliyokwisha kuingia mwilini, hata likinata vizuri namna gani.

Nimemweka wa mwisho mtuhumiwa ambaye, kwa maoni yangu, amewaua mbwa wengi wa mitaa hii kuliko nyoka, bunju na mtapo wakijumlishwa. Hakutani na mbwa matembezini tu. Humfuata hadi kwenye sahani.

Manzese ni mtaa wa mashine za kusaga. Mahindi hushuka kwa malori kutoka mikoani, mengine huenda soko la Tandale hapo jirani, mengine hukobolewa na kusagwa palepale. Mbwa akitembezwa hupita kwenye vumbi jeupe la milango hiyo na kulamba kilichomwagika. Nyumbani, chakula chake ni ugali wa pumba au wa dona, na dagaa au mifupa kama ipo. Na kuna desturi ambayo kila mama wa nyumba anaijua: gunia likipata unyevu, mahindi yakaota ukungu, hayatupwi. Watu hawatakula, wapewe kuku na mbwa.

Kuvu wa aina ya Aspergillus hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini. Dunia iliifahamu mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Afrika Mashariki haikukawia kuingia kwenye historia hiyo. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Kenya, katika Nairobi, Mombasa na Eldoret, kwa chakula chenye aflatoksini. Miaka minne baadaye, 1981, ikaja zamu ya watu huko Machakos. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ugonjwa ukaibuka Dodoma na Manyara, watu 20 wakapoteza maisha. Mbwa walitangulia kwa sababu ini la mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hii. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mahindi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja.

Pumba ndiyo sehemu mbaya zaidi ya punje iliyoathirika, kwa kuwa kuvu huanzia nje. Ukikoboa mahindi mabovu umemsaidia anayekula sembe na kumlimbikizia sumu anayekula pumba. Kuchemsha hakusaidii, ugali unaiva muda mrefu kabla sumukuvu haijaguswa na moto. Mbwa hafi kwa povu. Anaacha kula, analegea, anatapika, kinyesi kinakuwa cheusi kwa damu, fizi na weupe wa macho unakuwa manjano, tumbo linajaa maji. Inachukua siku au wiki, na kwa kuwa ni polepole, watu husema amerogwa au amezeeka. Ushauri wangu ni mkali na najua una gharama: chakula ambacho binadamu amekikataa kwa ukungu, mbwa asipewe, na kuku asipewe pia, maana mayai yake yatarudi mezani kwako. Pumba inunuliwe kidogo kidogo, ikiwa kavu, iwekwe juu ya mbao na si sakafuni, na ikishikana mabonge ikazikwe.

Turudi kwa jirani, basi. Mbwa aliyelishwa dawa ya wadudu huwa na mate, machozi, mkojo na kuhara kwa wakati mmoja, misuli inatetemeka, mboni za macho zinasinyaa. Daktari akimwahi ana atropini. Hata hapo, aliyetega huenda hakumkusudia mbwa. Wale vijana wanaopita mitaani na kipaza sauti wakinadi sumu ya panya, mende na kunguni huuza vipakiti visivyo na maandishi, na panya aliyekula hufia kwenye njia ya mbwa. Kuna sumu za panya zinazozuia damu kuganda, ambazo humfanya mbwa aanze kutoka damu puani au kwenye fizi siku tatu hadi tano baadaye, wakati kila mtu amesahau.

Anayetaka kujua kwa hakika asikae na mzoga. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania iko Temeke, na kituo cha daladala cha hapo kinaitwa Veterinari. Mzoga upelekwe siku hiyohiyo, umefungwa kwenye mfuko imara, umewekwa na barafu pembeni lakini haujagandishwa, kwa sababu kugandisha kunaharibu nyama anayotaka kuisoma mtaalamu. Matapishi yawekwe kwenye chupa safi yenye mfuniko, pamoja na kipande cha kila kitu kilichookotwa karibu: jani, mbegu, chura aliyetafunwa, konzi ya pumba kutoka gunia lile. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho na saa dalili zilipoanza. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hakuna. Kama hakuna uchunguzi utakaofanywa, mfukie kwa kina cha kutosha, mbali na kisima. Usimtupe Mto Ng'ombe: ini lake bado lina sumu ile, na kunguru na mbwa wa mtaa wa chini huwa wamefika kabla ya saa mbili.